Mashine Haisikii Baridi

Maskati,
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana.

Kwako mume wangu, Baba Zaina,

Salamu nazitanguliza, kwa sababu nililelewa Handeni na wazazi walionifunza kwamba hata mtu unayetaka kumgombeza unaanza kwa kumjulia hali. Hujambo? Mama yako hajambo? Mwanangu Zaina je, kile kikohozi kimemwachia? Mimi huku afya ninayo. Kichwa hakiniumi, miguu imepungua kuvimba, chakula nakula. Kinachoniumiza ni hasira, na hasira yenyewe umeniletea wewe ndani ya bahasha, pamoja na picha.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyostahili. Nimeisoma jikoni, nimeisoma nikipiga pasi, na nusura niunguze kanzu ya watu kwa ajili yako. Unasema kompyuta niliyokutumia inanguruma mpaka vijana wanaolipa kucheza gemu hawasikilizani. Unasema Mama analala na pamba masikioni. Unasema mwalimu wa madrasa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuja kukuambia kwa upole kwamba mfungo ukianza na bado mngurumo huo unaingia watoto wakiwa wanasoma, atakwenda kwa mjumbe na chumba cha gemu kitafungwa. Hayo yote niliyasoma nikavumilia. Kisha chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mtu anayenong'ona, ukaandika: "Mashine ikishindikana, mke wangu, nadhani si vibaya ukaongeza mkataba."

Si vibaya kwa nani, Athumani?

Ngoja nikukumbushe, maana naona umesahau. Shamba la mkonge lilipopata mwenyewe mpya na nyinyi mafundi mkapunguzwa, tulikaa mimi na wewe kwenye jamvi, Mama akiwa shahidi. Tukasema mmoja wetu atoke, akatafute kitu kimoja cha kubaki nyumbani na kufanya kazi, kisha arudi. Ikawa mimi. Kitu hicho ni kompyuta hiyo. Mkataba wangu unakwisha Idi ikipita, na Mama Salim, tajiri wangu, ananiuliza kila asubuhi kama nitabaki. Kwa hiyo feni inayokupigia kelele hapo Kwamndolwa ndiyo unayotaka iamue kama nitarudi kumlea mwanangu au nitaendelea kusugua masufuria ya watu. Ndiyo maana leo nakuandikia habari ya feni tupu, na wewe utaisoma yote mpaka mwisho.

Jumanne nilijaribu kwa simu, na unajua mambo yalivyokwenda. Nilikuuliza, "Baba Zaina, hilo sanduku umelitoa?"

Ukasema, "Aa, mke wangu, bila sanduku si ndiyo itazidi kulia?"

"Litoe kwanza, kisha tuongee."

"Nimeelewa, nimeelewa. Ila nina wazo jingine. Hiki kifeni cha ndani nikate waya wake, basi, yaishe. Kwani cha nini? Huku kwenyewe siku hizi kuna kaubaridi."

Kaubaridi! Nilipiga kelele mpaka mpishi wa jirani akachungulia dirishani. Ukaniahidi utasubiri barua yangu kabla ya kukata. Ahadi hiyo naishika kwa mikono miwili. Halafu Mama akaichukua simu, Mungu ampe umri, akaniambia, "Mwanangu, mimi hiyo kelele mbona nishaizoea, si nimezeeka jirani na kiwanda? Ila huyu mwanaume wako anasema eti hurudi. Ni kweli hurudi?" Na hapo kadi ikakwisha. Sikuweza hata kumjibu. Nilisimama na simu mkononi, nikalia mbele ya friji la watu, nikajipangusa kwa aproni, nikaendelea kukatakata vitunguu ili nipate cha kusingizia.

Sasa nimwamini nani? Wewe unaandika Mama analala na pamba masikioni, Mama mwenyewe anasema ameizoea. Pamba hiyo umemtia kwa kalamu. Na kabla ya kuniuliza mimi, umeshamwambia yeye kwamba sirudi. Mume wangu, ningekuwa hapo ungekula ugali na maji.

Ndiyo maana nimechukua karatasi. Karatasi haikatiki katikati ya maneno, na haiambiwi nimeelewa.

Tuje kwenye picha. Nimekuona umesimama mlangoni na shati la Idi, mkono kiunoni, unatabasamu kama bwana harusi. Nyuma yako vijana wamebanana kwenye benchi, wamekodoa macho. Kioo cha kompyuta nakiona. Kompyuta yenyewe siioni. Nikaigeuza picha, nikaisogeza dirishani, ndipo nikaona sanduku la mbao lenye mlango, kama kabati la nyama, na juu ya sanduku, likining'inia mpaka chini, shuka langu la kufuma. Lile la maua mekundu. Lile nililolifuma kwa mkono wangu mwaka tulipochumbiana, nikaja nalo kutoka Handeni ndani ya sanduku la bati, na Mama akalitandika mwenyewe siku ya kwanza huku akipiga vigelegele. Umekivua kitanda chetu nguo ukaivisha mashine! Na nyuma ya picha umeandika kwa majivuno, "Nimeitunza vizuri, haiingii vumbi."

Nikuambie jambo ambalo sikupata kukuandikia. Chumba ninacholala kiko nyuma ya jiko, na kiyoyozi chake kinawashwa na kuzimwa kutoka chumbani kwa Mama Salim. Nje jua la Maskati linaunguza, mimi ndani nimejikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Nikishikwa na baridi hiyo huwa nalifikiria shuka lile, najiambia kuna mahali duniani kuna kitanda kilichotandikwa kinanisubiri. Kumbe kinasubiri kikiwa uchi.

Desturi yetu naijua, usije ukanifundisha. Kwetu kitu cha thamani hufunikwa. Redio ya baba yangu ilikuwa na kitambaa chake. Viti vina vitambaa, meza ina kitambaa, runinga ikiingia nyumbani inavalishwa kabla haijawashwa. Nyumba isiyo na vitambaa watu husema haina mwanamke. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi hapa niliingia chumbani kwa Salim, mtoto mkubwa wa tajiri wangu anayesoma chuo, nikaikuta kompyuta hiyo hiyo uliyonayo wewe sasa, iko wazi, haina hata leso. Nikaihurumia. Nikachukua kitambaa niifunike. Salim akaruka kutoka kitandani.

"Dada Mwanaidi, hii usiifinike!" Kiswahili chake amejifunza kwa bibi yake aliyezaliwa Unguja. "Inavuta pumzi huku mbele, inatoa huku nyuma. Ukiifinika itapiga kelele."

Nikamwuliza kwa nini ipige kelele. Akaniambia, "Wewe ukizibwa pua hupigi kelele?"

Tangu siku ile nikawa naitazama. Nilifagia chini yake, nikapangusa juu yake, nikamshikia tochi alipoifungua kuisafisha, naye kila anachogusa ananieleza, kwa sababu vijana wa gemu hawachoki kuzungumza habari za mashine zao. Chumbani kwa Salim ilikuwa inavuma tu, sauti ya mtu aliyelala. Aliponunua mpya akanipa mimi hiyo, ikasafiri ndani ya kontena la mitumba la mama mmoja wa Tanga, ikafika kwako nzima. Uliniambia mwenyewe siku ya kuiwasha kwamba haisikiki. Basi kilichobadilika hapo katikati ni nini? Ni wewe na mapenzi yako ya kufunika.

Sikiliza. Kelele ya feni ni kama homa ya mtoto, inakuambia ndani kuna joto. Mle ndani kuna chipu inayopiga hesabu na nyingine inayochora picha, na gemu ikianza zote mbili zinapata moto kwelikweli. Juu ya kila moja kumegandishwa kipande cha alumini chenye meno kama chanuo, kazi yake kulitoa lile joto, na juu ya chanuo hilo ndiyo kuna feni ya kulipuliza. Kompyuta inajipima joto yenyewe. Joto likipanda inaiambia feni ikimbie, na feni ikikimbia ndiyo unasikia mngurumo. Sasa tazama ulivyofanya, kama ulivyoniandikia mwenyewe. Ukaitia kitambaa kimoja, ikakosa hewa, ikanguruma. Uliposikia imenguruma ukaongeza cha pili. Ikanguruma zaidi, ukapanda gari mpaka Segera kwa fundi seremala akakuchongea sanduku. Na ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: ndani ya sanduku ukatandika sponji ya godoro, pande zote, ukafunga mlango, ukalitupia shuka langu juu. Halafu unaniandikia kwamba ina ugonjwa, inajizima yenyewe katikati ya mechi na vijana wanaondoka wakitukana. Haina ugonjwa wowote. Inazimia! Bora inajizima, maana isingejizima ungekuwa umeshaiunguza.

Na kukata waya wa feni ndiyo kuiua kabisa. Kelele itakwisha, ndiyo. Hata mgonjwa akifa huacha kukohoa.

Kinachoniudhi kupita vyote ni kwamba aliyefanya hivi ni wewe. Angefanya mtu mwingine ningecheka. Wewe si ndiye uliyekuwa fundi wa korona, ile mashine kubwa ya mkonge? Si ndiye tuliyekuwa tukipita naye barabarani, mbali na kiwanda, kelele za kuchakata mkonge zimejaa hewani, unasimama ghafla, unainamisha kichwa, unasema, "Sikia, beringi ya kushoto inakufa"? Na kweli korona ikasimama kesho yake, wakaja kukuita. Nilikuwa najivuna mbele ya wanawake wenzangu, nasema mume wangu anasikia chuma kinavyoumwa. Siku ile ulimwambia meneja aifunike korona kwa shuka? Ulimwambia aijengee sanduku la sponji? Ulifungua, ukatazama, ukatengeneza. Sasa hii kwa kuwa imetoka Uarabuni na ina kioo umeiogopa, umeigeuza bibi harusi. Mficha maradhi kifo humuumbua, Baba Zaina, na wewe maradhi umeyafichia ndani ya mbao.

Haya, vua shati la Idi, tufanye kazi.

Kwanza toa sanduku. Usiliegemeze pembeni kwamba utalihitaji. Lifanye kuni au banda la kuku, sponji mpe Zaina aongezee mto wake. Kompyuta iweke juu ya meza, si chini ambako vumbi limelala, na nyuma yake uache nafasi ya kupitisha mkono wote, maana huko nyuma ndiko inakotoa joto. Picha yako inaonyesha meza imeegemea ukuta wa mwalimu. Mume wangu, ukuta ule ni wa udongo na fito, meza ikitetemeka na ukuta unatetemeka, mwalimu anasikia kama ameletewa mashine ya kusaga chumbani. Hamishia upande wa barabarani, mbali kidogo na dirisha. Chini ya kasha la kompyuta yenyewe weka vipande vya kandambili kuukuu, kila pembe kimoja. Hivyo tu utaona nusu ya malalamiko yake yamekwisha.

Kisha tumia masikio yako uliyopewa na Mungu. Kunja gazeti liwe kama bomba, upande mmoja sikioni, mwingine karibu na feni, bila kugusa kitu ndani. Iwashe bila gemu usikilize, kisha na gemu. Ukisikia upepo tu, unapanda gemu ikianza na kushuka ikiisha, hilo ni joto na vumbi. Ikiwa inasaga, kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga, hiyo ni beringi, na wewe beringi sikufundishi. Ikiwa inatetemeka na ukiweka kiganja juu ya kasha inanyamaza, ni skrubu zimelegea au ubavu wa kasha haukukaa sawa. Zikaze, na pale bati linapogusana na bati tia kipande chembamba cha mpira wa baiskeli.

Vumbi ndilo ninaloliapia. Chumba hicho ndicho ulichokuwa unasokotea kamba baada ya kupunguzwa, na singa za mkonge haziishi kwa kufagia mara moja. Ziko darini, ziko kwenye pembe, zinaelea. Ongeza na vumbi la barabara yetu. Feni inavuta kila kinachoelea, inakipeleka moja kwa moja kwenye lile chanuo la alumini, na hapo kinajishona kama zulia. Kwa hiyo zima, kisha chomoa waya kabisa ukutani, narudia, chomoa, usiishie kubonyeza swichi. Itoe uani, fungua ubavu mmoja kwa bisibisi. Tumia brashi ya rangi, mpya na kavu, na pampu ya baiskeli. Unapopuliza, izuie feni kwa kijiti isizunguke ovyo. Usipulize kwa mdomo, utatia mate. Usipanguse ndani kwa kitambaa kilicholowa. Kile kisanduku cha bati kinachoingia waya wa umeme usikifungue hata kama umekasirika kama mimi, hicho kinapiga shoti hata kikiwa kimechomolewa. Kipulizie kwa nje, basi.

Mama atakuambia utie mafuta ya nazi. Mama nampenda, lakini hapana, yataganda na kushika vumbi. Na wewe najua una kopo la grisi ya korona chini ya kitanda, ulilotoka nalo kiwandani, na mkono unakuwasha. Usithubutu, Athumani. Feni inayosaga inatiwa tone moja la mafuta ya cherehani, chini ya ile karatasi iliyobandikwa katikati yake, kisha karatasi unairudisha. Kati ya chipu na chanuo kuna dawa nyeupe ambayo baada ya miaka hukauka ikawa kama chokaa. Hiyo dawa nimekutumia, iko ndani ya kibomba kidogo kama cha sindano. Ukilitoa chanuo, futa ya zamani yote, tia mpya kiasi cha punje ya mchele, rudisha, kaza skrubu kwa kupokezana pembe kwa pembe. Kiasi cha punje ya mchele, nimesema. Si mkate na siagi.

Pamoja na dawa hiyo utakuta feni moja pana. Salim amenipa nilipomsomea barua yako. Alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nilikasirika kwa ajili yako, kwa sababu wa kukucheka wewe ni mimi peke yangu. Alisema feni pana inazunguka polepole na bado inapeleka upepo ule ule, kwa hiyo haipigi kelele. Ifunge nyuma ya kasha mahali penye matundu, upepo ukielekea nje. Shika karatasi nyuma yake uone. Ikiisukuma, umeifunga sawa. Ikiinyonya, igeuze.

Na ndani ya gemu kwenyewe kuna pa kupunguzia. Pale mwanzo, kabla ya mechi, panaandikwa habari za picha. Punguza. Waondoe watazamaji uwanjani, punguza majani ya uwanja na vivuli vya wachezaji. Chipu haitachoka kuchora watu wasiocheza, na joto litashuka. Vijana watalalamika siku ya kwanza kwamba uwanja hauna watu. Waambie watu wako nje wamekaa kwenye foleni. Saa za jua kali, bati la paa likianza kulialia, izime ipumzike. Wewe mwenyewe hulala saa hizo, hutapata hasara ya usingizi.

Halafu kuna kelele nyingine ambayo hukuitaja, na nimeisikia kwa masikio yangu nilipokupigia. Feni haisemi "gooo!" Feni haitukani refa. Wale ni vijana, na wewe kati yao sauti yako naijua. Kabla ya kuikatia feni waya, kata sauti yako. Watoto wa mwalimu wakiwa wanasoma, gemu isimame au ichezwe kimya, na spika izimwe. Nenda kamwambie hivyo wewe mwenyewe, usimtume Mama. Mwalimu ni mtu mwema. Alikuja kwako kabla ya kwenda kwa mjumbe, wangapi wangefanya hivyo?

Sasa nimebakiza moja, na ndilo lililonifanya nianze kuandika. Nimefikiri sana kwa nini ulikimbilia kuandika lile neno la mkataba. Mwanzoni nilidhani umepata mwingine. Usishangae, mwanamke aliye mbali hufikiri kila kitu. Kisha nikatulia nikaona hapana. Umeshindwa na mashine, ukaona haya, ukaona heri mke aendelee kutuma kuliko arudi akukute umekaa barazani. Hilo ndilo lililonichoma. Mimi sikuolewa na korona. Hukuwa na kazi na nilikupenda, ulisokota kamba na nilikupenda. Ila mwanaume anayenipangia maisha yangu kwa herufi ndogo chini ya barua, huyo simtaki, na ukiwa unamwona hapo karibu mfukuze kabla sijafika.

Kwa sababu leo asubuhi Mama Salim ameniuliza tena. Nilikuwa namimina chai. "Haya, Mwanaidi, umekata shauri? Ramadhani hiyo inabisha hodi, nyumba itajaa wageni."

Nikamwambia, "Nimekata shauri, bibi. Ramadhani nitakupikia mpaka mwisho. Idi ikipita, naondoka."

Akaweka kikombe chini. "Na mumeo ameridhia?"

"Mume wangu ana kelele nyumbani," nikamwambia. "Nakwenda kuzinyamazisha."

Alinitazama, kisha akacheka, na mkataba mpya akauondoa mezani. Basi Athumani, hakuna tena cha si vibaya. Nimekataa. Nitashuka Segera na begi langu, kompyuta ikiwa inanguruma au imenyamaza au umeshaigeuza jiko la mkaa. Ukiwa umeiponya, tutakuwa na pa kuanzia. Ukiwa umekata waya, tutaanza na mikono mitupu, na mimi nitakuwa kama nilivyo leo, na leo nakuhakikishia usingenipenda.

Mwambie Mama leo hii, kwa mdomo wako, kwamba ulikosea na kwamba narudi. Mwambie mkamwana wake anamwamkia, shikamoo nyingi, na asiguse mafuta ya nazi. Zaina mbusu kwenye kipaji cha uso, mwambie mama yake amemnunulia viatu vikubwa kidogo kwa sababu hajui mguu umefika wapi. Mwalimu wa madrasa mpe salamu za heshima. Kaka yangu wa Handeni akishuka gulioni mwambie asiuze yule mbuzi aliyeniahidi, nakuja kumla mwenyewe. Wale vijana wa benchi wasalimie, uwaambie mwenye chumba ni mwanamke na anakuja. Fundi seremala wa Segera usimsalimie. Huyo nitampitia mwenyewe nikishuka kwenye basi.

Barua hii na kifurushi anakuletea mama mmoja wa Muheza tuliyekuwa naye huku, anarudi wiki hii. Mkaribishe chakula kabla hujafungua kifurushi, usinitie aibu.

Ni mimi mkeo, ambaye bado nimekasirika,

Mama Zaina.

Nyongeza: Shuka langu lifue kwa mkono, kwa maji baridi, maua yasichuje. Lianike kivulini. Likikauka litandike kitandani, upande wangu. Mashine haisikii baridi. Anayesikia baridi anakuja.